Haikubomoka, Ilibomolewa

Kiswahili kinajua tofauti ya kubomoka na kubomolewa. Ukuta ukibomoka, lawama ni ya mvua na miaka. Ukibomolewa, kuna mtu alishika nyundo, na kuna mwingine aliyemtuma. Sasa sikiliza stori za watalii kuhusu Abasia ya Glastonbury, kule Somerset, Uingereza. Ni ukungu, ni utulivu, ni magofu ya kale, kana kwamba kanisa lilichoka tu likajilaza kwenye nyasi.

Wacheni hizo.

Mwaka 1539 ni Westminster pekee iliyoipita abasia hii kwa utajiri. Mfalme Henry VIII alitaka pesa, na waziri wake Thomas Cromwell alijua zilipo. Abate Richard Whiting, mzee wa watu, alikuwa ameshakubali mwaka 1534 kwamba mfalme ndiye mkuu wa kanisa. Haikumsaidia. Alishtakiwa wizi: ati ameficha mali ya abasia yake mwenyewe! Kabla kesi haijaanza, Cromwell alikuwa ameshaandika kwenye orodha yake ya kazi kwamba abate ahukumiwe na auawe. Tarehe 15 Novemba wakamnyonga juu ya kilima cha Tor pamoja na watawa wawili, wakamkata vipande, kichwa wakakitundika kwenye lango la abasia.

Vitabu vya maktaba vikatawanyika. Mawe yakawa bidhaa. Na mwaka 1547 ardhi ikaishia kwa Duke wa Somerset, ambaye, kwa bahati tu, alikuwa mjomba wa mfalme mpya, Edward VI, aliyekuwa bado mtoto.

Leo wageni wanapigia selfi wapi? Penye kibao cha kaburi la Mfalme Arthur, mtu ambaye wanahistoria wengi wanashuku kama aliwahi kuishi. Kaburi lenyewe watawa "waligundua" mwaka 1191, miaka 7 baada ya moto kuteketeza kanisa lao, wakati walihitaji mahujaji na sadaka zao. Kwa hivyo hapana, watawa hawakuwa malaika. Walijua biashara. Lakini tangu lini uongo wa mwenye nyumba ukahalalisha kumnyakua nyumba na kumnyonga?

Mtaniambia hekaya ndiyo huleta wageni, na kiingilio chao ndicho husaidia kutunza kuta zilizobaki. Sawa. Wala sisemi ukweli umefichwa; ukiuliza utaambiwa. Shida ni kwamba neno "magofu" linatufanya tusiulize. Tunamlilia mfalme wa hadithi, na mzee aliyeuawa kweli tunapita juu ya nyasi zake tukitafuta mwanga mzuri wa picha.

Ukiona jengo kubwa limelala chini, usianze na lilikuwa zuri namna gani. Anza na nani alibaki na shamba.