Parachichi halipandwi katika shamba la kukodi, na tovuti ni vivyo hivyo

Katika maeneo mengi yanayolima kahawa na parachichi, mtu aliyekodi shamba huruhusiwa kulima mahindi, maharage au viazi, lakini haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Mwenye shamba anajua kuwa mti huleta madai. Aliyekodi naye anajua kuwa hata mche uliobebeshwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kulipa gharama zake, na hakuna anayetaka kuwekeza miaka hiyo katika ardhi inayoweza kudaiwa msimu ujao.

Busara hiyo kila mkulima anayo. Kinachoshangaza ni kwamba vyama vya ushirika na wajasiriamali wa kilimo wengi huiacha mlangoni wanapoingia katika jambo jingine ambalo sasa halikwepeki, nalo ni tovuti.

Umuhimu wa tovuti kwa muuzaji wa mazao hauna mjadala tena. Mnunuzi wa nje huanza kwa kulitafuta jina la chama katika mtandao kabla hajapiga simu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inawataka wanaoingiza kahawa katika soko hilo waonyeshe mahali lilipo shamba ilikotoka. Chama ambacho hakijulikani kilipo wala kinavyofanya kazi kitawekwa kando.

Swali basi si kama chama kiwe na tovuti. Swali ni tovuti hiyo ijengwe juu ya ardhi ya nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tovuti nyingi ziliandikwa na mtaalamu ukurasa kwa ukurasa. Bei ikibadilika, chama kilimsubiri mtaalamu huyo. Ndipo ikashika kasi mifumo ya kusimamia maudhui, ambayo humwezesha karani anayejua kuandika barua kwa kompyuta kubadili habari za tovuti mwenyewe. Drupal ilitoka mwaka 2001, WordPress mwaka 2003 na Joomla mwaka 2005.

Yote mitatu ni programu huria. Haina ada ya leseni, na yeyote anaweza kuichukua, kuibadili na kuiweka katika seva aitakayo. Jina la Joomla limetokana na neno letu la Kiswahili, "jumla", na kuzaliwa kwake kuna funzo kwa wanaushirika. Watengenezaji wa mfumo uliokuwa ukiitwa Mambo walitofautiana na kampuni ya Australia iliyokuwa ikiusimamia. Kwa kuwa leseni iliwaruhusu, walichukua programu yote na kuendelea nayo kwa jina jipya. Mgogoro ulikuwepo, lakini waliondoka na mbegu.

Upande wa pili wako wapangishaji. Wix na Shopify, zilizoanza mwaka 2006, pamoja na Squarespace, humpa mteja kila kitu mahali pamoja: kiwanja, nyumba, samani na mlinzi. Mteja anachagua sura ya tovuti, anaandika habari zake, analipa kwa mwezi au kwa mwaka. Hahitaji kujua seva ni nini.

Mwelekeo mpya zaidi ni wa akili mnemba. Wix ilileta mwaka 2016 mfumo unaomuuliza mteja maswali machache kisha unamjengea tovuti, na katika miaka ya karibuni karibu kila jukwaa kubwa limeongeza zana za namna hiyo. Leo mtu anaweza kuandika sentensi mbili kuhusu biashara yake na akapata kurasa kamili, zenye picha na maneno, kabla chai haijapoa.

Haya ni maendeleo na hayafai kubezwa. Gharama ya kuanza imeshuka na mjasiriamali mdogo amefunguliwa mlango. Lakini mchumi yeyote wa kilimo atauliza swali ambalo muuzaji hapendi kuulizwa: gharama ya kutoka ni kiasi gani?

Gharama hiyo haiandikwi katika tangazo. Wix huwaeleza wateja wake kuwa tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kuhamishiwa katika seva nyingine. Duka la Shopify hutoa orodha ya bidhaa na wateja, lakini sura na mpangilio wa duka havifanyi kazi kwingine. Anayetumia WordPress katika seva yake huweza kuchukua maandishi, picha na hifadhidata nzima akahamia kwa mpangishaji wa seva mwingine.

Hatari ya shamba la kukodi imeshaonekana. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na mamilioni ya kurasa za watu zikaondolewa. Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walizitengeneza kupitia huduma yake ya kuorodhesha biashara. Kwa miezi michache aliyezitafuta alipelekwa katika orodha hiyo, kisha Juni mwaka huohuo hata njia hiyo ikafungwa.

Hata majina ya bure yamewaponza wengi. Anwani zinazoishia na .ml ya Mali na .ga ya Gabon ziligawiwa bure kwa miaka kadhaa na kampuni ya Freenom. Mwaka 2023 kampuni hiyo iliacha kusajili majina mapya, na Gabon ikalirudisha jina lake mikononi mwake na kuyafuta mamilioni ya anwani zilizokuwa chini yake. Aliyekuwa amechapisha anwani hiyo katika magunia yake ilibidi achapishe magunia mengine.

Kuna pia suala la sarafu. Tuchukulie chama kinalipa dola 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 240, na kwa miaka mitano ni dola 1,200. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa takriban Sh2,300, lakini mwaka 2024 ilipita Sh2,600. Kodi ileile ikapanda kwa zaidi ya asilimia 10 bila mwenye nyumba kubadili chochote. Chama kinachouza zao kwa shilingi kinabeba hatari hiyo chenyewe, na kadi ya benki ikikosa salio siku ya malipo, mnunuzi anaweza kukuta mlango umefungwa.

Wako watakaosema kuwa shamba lako mwenyewe nalo lina magugu. Ni kweli. WordPress, ambayo kwa takwimu za W3Techs inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, inawindwa sana na wahalifu, hasa pale programu za nyongeza zinapoachwa bila kusasishwa. Wala jumuiya za programu huria si za malaika. Septemba 2024 mwanzilishi mwenza wa WordPress, Matt Mullenweg, aliingia katika mgogoro na kampuni ya WP Engine, ambayo ilizuiwa kupata masasisho kutoka WordPress.org. Kesi ikafunguliwa Oktoba, na Desemba mwaka huohuo mahakama ya Marekani ikaamuru kizuizi kiondolewe kwa muda kesi ikiendelea.

Lakini ipo tofauti ya kutazamwa. Mgogoro ule uliwasumbua wateja, ila tovuti zao hazikufutwa, na mwenye tovuti alibaki na uwezo wa kubeba mali yake na kuhama. Aliyepanga hana chaguo hilo mwenye nyumba akiamua kubomoa.

Wengine watasema makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook zinatosha. Kwa kuwajulisha wanachama kuwa mbolea imefika, zinatosha kabisa. Lakini Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika zote kwa takriban saa sita, na biashara zilizokuwa zimeweka mayai yote katika kikapu hicho zilikaa kimya.

Jibu basi si kukataa kukodi. Mkulima mwenye ekari mbili hukodi nyingine moja ya mahindi na hakuna anayemlaumu. Jibu ni kupambanua zao la msimu na zao la kudumu. Matangazo, picha za mnada na bei ya wiki hii ni mahindi, yanaweza kupandwa popote. Jina la chama, historia yake, vyeti vyake vya ubora, orodha ya wanunuzi na kumbukumbu za mauzo ni parachichi, na mahali pake ni shamba la chama.

Mwelekeo mwingine wa teknolojia hii unaunga mkono hoja hiyo. Mifumo mingi sasa inatenganisha ghala la maudhui na dirisha la kuyaonyeshea. Habari huandikwa mara moja ghalani, kisha ikaonekana katika tovuti, katika programu ya simu na hata katika ujumbe mfupi. Mwenye ghala anaweza kubadilisha madirisha kila mwaka bila kupoteza gunia hata moja.

Akili mnemba nayo itumike kwa tahadhari. Mashine inaweza kuandika kuwa chama kinalima kilimo hai kilichothibitishwa wakati cheti hakipo, kwa sababu tu maneno hayo yanafanana na ya tovuti nyingine. Mnunuzi akiomba cheti, aibu itakuwa ya chama.

Kwa hiyo, kabla mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi haujapitisha bajeti ya tovuti, wanachama wana haki ya kujibiwa maswali manne. Je, jina la tovuti, liwe la .co.tz au jingine, limesajiliwa kwa jina la chama au kwa jina la kijana aliyeitengeneza? Nani ana nywila, na zimehifadhiwa wapi ofisini? Nakala rudufu inachukuliwa mara ngapi, na nani amewahi kujaribu kuirejesha? Tukitaka kuhama kesho, tutaondoka na nini?

Hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Yanahitaji umakini uleule wanachama wanaoutumia wanapokagua mizani na stakabadhi za ghala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari liko mtandaoni, na mwanachama anapaswa kujua nani ameshika ufunguo wa kabati.