Mate ya binamu yako

MIZANI YA WIKI
Na Rehema Mbwilo

Joseph James DeAngelo hakuwahi kutema mate kwenye kichupa cha kampuni yoyote ya vinasaba. Polisi huyo wa zamani wa California aliua watu 13 na kubaka wanawake wapatao 50 katika miaka ya 1970 na 1980, kisha akatulia, akalea mabinti zake, akastaafu. Aprili 2018 alikamatwa nyumbani kwake Citrus Heights, akiwa na miaka 72. Waliowapeleka polisi pale ni ndugu zake, tena wa mbali kiasi kwamba wangekutana msibani wasingejuana.

Hifadhidata za polisi husoma alama 20 hivi tu za vinasaba, na kwa kawaida humtambua yule ambaye tayari yumo humo kwa kosa jingine. DeAngelo hakuwemo. Vipimo vya kutafuta ukoo husoma alama laki kadhaa, ndiyo maana huweza kuwaunganisha vilembwe wawili wa babu mmoja. Wapelelezi walichukua sampuli iliyohifadhiwa tangu mauaji ya 1980 huko Ventura, wakailinganisha na hifadhidata za kutafuta ukoo, wakapata binamu wa mbali, kisha ikaanza kazi ya karatasi: sensa za kale, vyeti, matangazo ya vifo magazetini. Barbara Rae-Venter, mwanasheria mstaafu wa hataza, aliwasaidia kupanda hadi kwa babu wa pamoja na kushuka tena tawi kwa tawi, wakimtafuta mwanamume wa umri ule aliyeishi maeneo yale. Shangazi yeyote wa Kitanzania anayekusimamisha njiani na kukuuliza "wewe wa kwa nani?" angeajiriwa siku hiyo hiyo. Walipobaki na jina moja, waliokota vinasaba kwenye kitasa cha gari la mzee huyo na kwenye karatasi laini iliyotupwa katika pipa lake la taka. Vikaoana. Mwaka 2020 alikiri makosa, akafungwa maisha.

Wanaotaka njia hii ipigwe marufuku naomba wamtazame kwanza Christopher Tapp wa Idaho Falls. Alikaa gerezani miaka 20 kwa mauaji ya msichana mmoja mwaka 1996. Vinasaba vya eneo la tukio havikuwa vyake, na hilo lilijulikana tangu mwanzo, lakini polisi walikuwa wamemsaga kwa mahojiano hadi akakiri. Mwaka 2019 utafiti wa ukoo ulimfikia jirani wa marehemu, ambaye alikiri, na Tapp akasafishwa jina. Katika kesi hiyo hiyo, miaka michache nyuma, mtu mmoja wa New Orleans alijikuta mshukiwa kwa sababu baba yake aliwahi kujitolea sampuli kwa mradi wa kutafiti koo. Alipopimwa yeye mwenyewe, hakuhusika.

Mimi naunga mkono njia hii kwa mauaji na ubakaji. Kinachonikera ni namna wenye rungu walivyoingia. Kwa muda mrefu tuliambiwa DeAngelo alipatikana kupitia GEDmatch, tovuti ambayo watu huweka taarifa zao kwa hiari na wazi. Desemba 2020 gazeti la Los Angeles Times likafichua kwamba wapelelezi walikuwa wamepekua pia, kimyakimya, hifadhidata za kampuni mbili binafsi, na kwamba ndugu aliyesaidia zaidi alitoka MyHeritage, kampuni ambayo masharti yake hayakuwaruhusu. Mteja alilipa ajue babu yake alitoka kijiji gani cha Ulaya. Akageuzwa mtoa taarifa bila kujua.

Kampuni hujitetea kwamba siku hizi mteja huchagua mwenyewe kama polisi waione sampuli yake. Jibu hilo ni dogo mno kwa swali lenyewe. Mwaka 2018 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba hifadhidata ya watu wasiofika milioni moja na nusu ilitosha kumpata ndugu wa kiwango cha kilembwe mwenza, au wa karibu zaidi, kwa takriban asilimia 60 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Anayeweka alama ya "nakubali" anawakubalia binamu mia kadhaa ambao hakuwauliza, wengine hawajazaliwa. Ndiyo maana naona jimbo la Maryland limekuwa na akili kuliko kampuni zote hizo: tangu 2021 sheria yake inamtaka mpelelezi apate kibali cha jaji kwanza, na kwa makosa mazito tu.

Msomaji atasema hayo ni ya Wazungu. Aende Nanyuki, Kenya. Kuna watoto pale waliozaliwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuja mazoezini, wakaondoka bila kuacha hata anwani. Wanasheria kutoka Uingereza wamechukua sampuli za watoto hao na kuzilinganisha na hifadhidata hizi hizi za kibiashara. Shangazi au binamu wa baba ametema mate huko kwao, na baba ameonekana. Mahakama ya Uingereza imethibitisha ubaba kwa baadhi yao. Sijaona mtu Nanyuki akilalamikia faragha ya baba hao, na mimi sitaanza.

Njia hiyo haina upande mmoja. Mpwa wako aliyeko Houston akinunua kipimo kwenye ofa ya Krismasi, ukoo mzima wa Rombo unaingia kwenye kompyuta ya kampuni ya kigeni, ambayo kesho inaweza kuuzwa kwa nyingine. Hapa kwetu sampuli ikipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ombi hupitia wakili, ustawi wa jamii, polisi au mahakama. Utaratibu huo unatokana na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, iliyotungwa mwaka mmoja kabla GEDmatch haijaanzishwa. Bunge liifungue tena, liseme wazi ni jaji yupi atakayetoa kibali siku polisi wetu watakapotaka kumtafuta muuaji kupitia mate ya mpwa huyo, na kwa makosa gani. Hiyo siku ikifika kabla ya sheria, kibali atajiandikia mpelelezi mwenyewe.