Alpaka na sungura wa angora: ulizia bei ya uzi kwanza

Wiki hii tunaweka kando kahawa na korosho, tuitazame bidhaa isiyoonekana kabisa kwenye minada yetu: manyoya ya alpaka na ya sungura wa angora. Hesabu zake zinamhusu sana mwekezaji mdogo wa hapa kwetu, ambaye karibu kila mwaka hutafutwa na mtu mwenye mnyama mpya "wa faida ya haraka".

Tuchukue shamba dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, tuseme lenye alpaka 10 na sungura 20. Mwaka wake wa fedha hauanzi Januari. Unaanza kati ya Aprili na Juni, kabla joto halijakolea, siku anapofika mkata manyoya. Alpaka hulazwa chini, miguu ikafungwa kamba, na mavuno ya mwaka mzima yakaisha kwa dakika chache. Mnyama mmoja hutoa kilo 2 hadi 4 hivi, wala si zote zenye bei nzuri: manyoya ya mgongoni na ubavuni ndiyo gredi ya kwanza, ya shingo na miguu huenda daraja la chini. Mkataji anataka fedha yake siku hiyo hiyo. Manyoya yatalipa baadaye, kwani kiwanda kidogo cha kusokota hutoza kwa uzito na foleni yake huweza kuchukua miezi.

Hapo ndipo sungura anapookoa jahazi. Angora huvunwa kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa mkasi au kwa kuchomoa taratibu manyoya yaliyokwisha kulegea yenyewe. Aina ya Kijerumani hufikia kilo 1 kwa mwaka au zaidi. Ya Kiingereza hutoa pungufu. Uzani ni mdogo lakini huuzwa kwa gramu, maana unyoya wake ni mwembamba mno na mwepesi, na mara nyingi huchanganywa na sufu ya kondoo ili uzi ushike. Kwa lugha ya wahasibu, alpaka ni mavuno ya mwaka, sungura ni fedha ya kuzungusha. Si fedha ya bure lakini. Sungura huyu huchanwa mara kwa mara, na lazima apate nyasi kavu siku zote, kwa sababu akijilamba humeza manyoya na hana uwezo wa kutapika. Joto la Julai nalo ni adui yake. Banda lisipopata hewa, mfugaji huamka akakuta mtaji umelala ubavu.

Na Julai ndiyo mwezi wa kununua marobota ya nyasi ya kulisha alpaka msimu mzima wa theluji. Fedha inatoka kwa wingi wakati uzi bado uko kiwandani. Aidha, maeneo yenye kulungu wa mkia mweupe kuna minyoo inayoshambulia uti wa mgongo wa alpaka, hivyo wafugaji wengi huwapiga sindano ya kinga karibu kila mwezi. Nafuu huja Oktoba kwenye maonyesho ya kondoo na sufu ya Rhinebeck, jimbo la New York, ambako wafumaji hununua uzi mkononi mwa mfugaji. Baada ya hapo ni baridi, kusokota, na kuhesabu marobota yaliyobaki.

Kwa hesabu hizo shamba linaweza kuishi, kwa unyonge. Tatizo lilikuja pale watu walipoacha kuhesabu manyoya. Alpaka walianza kuingizwa Marekani kibiashara mwaka 1984, na mwishoni mwa 1998 daftari la usajili likafungwa kwa wanyama kutoka nje. Jike hubeba mimba miezi 11 na zaidi, akazaa mtoto mmoja. Mnyama akawa adimu, sheria ya kodi ikaruhusu gharama ya kumnunua ipunguzwe kwenye mapato, na majike bora yakauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kila mnunuzi alitegemea kumuuzia mtoto wa alpaka mnunuzi anayefuata.

Tupige hesabu ya mfano. Jike la dola 20,000 likitoa kilo 3 kwa dola 20 kila kilo, hiyo ni dola 60 kwa mwaka. Mtaji utarudi baada ya miaka zaidi ya 300, kabla hujanunua hata robota moja. Wachumi Saitone na Sexton wa Chuo Kikuu cha California walionya mwaka 2007 kwamba bei zile hazikuwa na msingi. Baada ya msukosuko wa 2008 ziliporomoka, hata baadhi ya wafugaji wakawagawa wanyama bure.

Angora naye alipata pigo la namna nyingine. Novemba 2013 shirika la PETA lilitoa video ya sungura waking'olewa manyoya wakiwa hai huko China, mzalishaji mkuu, na kampuni kama H&M zikasimamisha nguo za angora. Kwa maoni yangu, mfugaji mdogo ambaye mteja wake anaweza kuingia bandani na kujionea sungura alivyo ana kinga ambayo kiwanda kikubwa hakina.

Mjomba wangu alinunua kware wakati wa ile homa iliyovuma Kenya 2013 na 2014. Alijua bei ya kila jozi. Bei ya trei ya mayai mwezi uliofuata hakuwa nayo, na hata leo ukimtajia kware anabadili mazungumzo.

Kwa hiyo anayekuja ofisini kwako na picha za mnyama mpya, mwombe risiti moja tu: ya kilo ya mwisho aliyouza, kwa mtu ambaye hafugi.