Sarafu ya dola 20 na mzani wa Migori

Leo tunaweka kando habari za Java na hifadhidata, tuzungumzie dhahabu. Msiogope, kompyuta itarudi tu!

Hapa Homa Bay, watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuandika programu, kuna ombi haliniishi: "Si ututengenezee programu ya simu ya kuonyesha bei ya dhahabu, ili mabroka wa Migori waache kuwapunja wachimbaji?" Ombi zuri, lakini kwa maoni yangu linagonga mlango usio wake. Bei ya dunia iko kwenye simu yoyote yenye intaneti. Kinachokosekana Migori ni kitu kingine, na nitakieleza kwa kutumia sarafu za dhahabu za Marekani za karne ya 19, zile ambazo wakusanyaji wanazitafuta hadi leo.

Tuanze California. Dhahabu ilipogunduliwa huko Januari 1848, sarafu zilikuwa chache. Wachimbaji walilipia vitu kwa unga wa dhahabu, na kiasi kinachokaa kati ya vidole viwili kilihesabiwa kuwa dola moja. Sasa jiulize: vidole vya nani? Vya muuzaji, bila shaka! Mwenye vidole vinene alifaidi, na mchimbaji akaondoka na mfuko mwepesi.

Dawa yake ilikuwa sarafu. Tangu sheria ya mwaka 1837, dhahabu ya sarafu za Marekani ilitakiwa kuwa na usafi wa sehemu 900 kwa 1,000. Sarafu ya dola 20, iliyoanza kutumika mwaka 1850, ilikuwa na uzito wa gramu 33.436. Namba hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu. Sisi waandishi wa programu tungesema kile kilikuwa kiwango huria: yeyote anaweza kukisoma, kukipima na kukikagua bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1854 San Francisco ikafunguliwa kiwanda cha serikali cha sarafu, na dhahabu ya mchimbaji ikaweza kugeuzwa sarafu karibu na alikoichimba.

Wazo hilo lilifika pwani yetu pia. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake, zikiwemo za dhahabu za riyali 5 na riyali 2½. Leo ni adimu sana.

Haya, hesabu yenyewe ni mstari mmoja tu wa programu:

thamani = uzito × usafi × bei ya aunsi ÷ 31.1035

Hiyo 31.1035 ni gramu zilizo katika aunsi moja ya dhahabu. Oktoba 2025 aunsi ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo, sarafu ya dola 20 ina dhahabu ya karibu dola 3,870. Hii ni thamani ya madini, na hakuna sababu ya kuuza sarafu halisi chini yake sana.

Juu yake kuna thamani ya mkusanyaji: mwaka, hali ya sarafu, na herufi ndogo ya kiwanda (S ni San Francisco, CC ni Carson City). Wakaguzi hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kueleza hali yake. Mfano mzuri ni sarafu ya dola 5 iliyotengenezwa San Francisco mwaka 1854. Zilitengenezwa 268 tu, na zinazojulikana leo unazihesabu kwa vidole. Madini yake kwa bei ile ile hayafiki dola 1,000, lakini mnadani imeuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2018 mtu mmoja Marekani alithibitishiwa kwamba anayo, baada ya kudhani kwa muda kwamba ni bandia. Kwa hiyo ukirithi sarafu ya zamani, tafadhali usiisugue ing'ae! Kusugua huondoa thamani ya mkusanyaji na hakuongezi hata chembe ya dhahabu.

Je, utajuaje kama ni halisi? Anza na uzito, kisha itundike kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini ya chombo, uone inapungua gramu ngapi. Dola 20 halisi hupungua karibu gramu 1.94. Ikipungua zaidi sana, humo ndani kuna metali nyepesi. Ikifaulu bado mpelekee mtaalamu, kwa sababu tungsteni ina uzito wa kukaribiana na wa dhahabu, na matapeli wanalijua hilo.

Sasa turudi Migori. Mchimbaji wa Nyatike anayetoka shimoni ana dhahabu halisi kabisa, lakini haina namba. Aliikamata kwa zebaki, akaichoma, na kilichobaki kina fedha, uchafu, pengine na zebaki kidogo. Mzani ni wa broka. Anayekadiria usafi ni broka huyo huyo. Mwaka 1848 vilikuwa vidole, leo ni mzani wa betri.

Chukua mfano wa kipande cha gramu 2.5 chenye usafi wa asilimia 92. Broka akisema ni asilimia 80, kwa bei ya dola 4,000 na shilingi 129 kwa dola, mchimbaji amepoteza karibu shilingi 5,000. Mzani ukidanganya kwa sehemu moja ya kumi ya gramu, zimekwenda nyingine zaidi ya 1,500. Programu ya bei haiwezi kuligundua hilo. Ukiipa namba za uongo, itakuletea jibu la uongo lenye desimali nzuri.

Tunachohitaji ni hiki. Kwanza, mizani iliyokaguliwa. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ipimwe na kupigwa muhuri. Mwenye bucha hapa Homa Bay anaijua vizuri. Kwa nini dhahabu iheshimiwe kuliko nyama? Pili, mashine ya eksirei ya kupima usafi, imilikiwe na ushirika wa wachimbaji na si mnunuzi. Sheria ya Madini ya 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, kwa hiyo pa kuanzia papo. Tatu, risiti yenye uzito, usafi, bei ya siku na jumla.

Namba hizo zikipatikana, programu nitaiandika mwenyewe, kwa jioni moja tu.

Maoni yenu nayasubiri. Na nyinyi wachimbaji wa Nyatike, semeni ukweli: mara ya mwisho mlipouza, nani alishika mzani?