Eafraya Kibiti? Tupige hesabu kwanza

Makamanda, gunia la mkaa linatuumiza na mke wangu ananiuliza: tununue eafraya au tuache? Swali la jikoni, ila siasa imo humo humo.

Tuanze na Luku. Eafraya ya wati 1,500 ukiiwasha nusu saa inakula robo tatu ya yuniti. Mara moja kila siku, kwa mwezi ni yuniti 22 na nusu. Kwa nyumba yenye bei ya mtumiaji mdogo, ambaye ukomo wake ni yuniti 75 kwa mwezi, karibu theluthi imeshaondoka. Bado taa, friji na feni. Ukivuka 75, bei ya yuniti inapaa.

Na inapika nini? Samaki, kuku, viazi, sawa. Ugali haisongi, na wali ndo usiseme. Kwa hiyo mkaa unabaki palepale. Mimi sinunui. Nikipata hela nachukua jiko la presha la umeme, walau maharage yaive.

Ila mwenzetu wa deltani mwenye sola ya taa mbili hata hilo haliwashi. Kuni zake ni mikoko.

Serikali imeahidi asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, limejengwa kwenye Mto Rufiji, mto wetu huu huu. Basi tudai nguzo zifike deltani na yuniti za kupikia zishuke bei. Wakija na mitungi ya gesi ya kugawa, waulizeni: ikiisha, nani anajaza?