Baada ya vasektomi: miezi mitatu isiyozungumzwa

Mwaka 2016, Nairobi iliongoza maadhimisho ya Siku ya Vasektomi Duniani. Hata hivyo, nchini Kenya na Tanzania wanandoa wanaotegemea njia hii hawafiki 1 kati ya 100. Mjadala nao huishia palepale: je, mwanaume akifungwa mirija hupoteza nguvu za kiume? Hapana. Korodani hazitolewi. Hufungwa mirija miwili tu inayopitisha mbegu.

Sisi tunaona swali zito zaidi ni hili: nini hutokea akisharudi nyumbani?

Siku za kwanza

Upasuaji wenyewe ni mdogo, hufanywa kwa ganzi na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Apumzike siku mbili, avae chupi inayobana kiasi, na kidonda kisilowe maji. Kitambaa chenye ubaridi hupunguza uvimbe. Tendo la ndoa lisubiri siku mbili tatu au zaidi, hadi maumivu yaishe. Jembe, magunia na baiskeli visubiri kama wiki moja.

Hapa ndipo siri inapoumiza. Mwanaume aliyewaficha majirani huogopa kuulizwa kwa nini hayuko shambani. Akienda kulima kesho yake, damu inaweza kuvuja ndani na kuvimbisha mfuko wa korodani.

Dalili za hatari

Michubuko na uvimbe kidogo ni kawaida. Lakini uvimbe unaoongezeka, damu isiyokata, usaha, homa au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi kituo cha afya mara moja. Wanaume 1 au 2 kati ya 100 hupata maumivu ya muda mrefu. Ni wachache, ila wana haki ya kuambiwa mapema.

Miezi mitatu

Mbegu zilizokwisha kupita mahali palipofungwa hubaki njiani. Kwa miezi 3, wanandoa watumie kondomu au njia nyingine, kisha mume apimwe shahawa. Kipimo kikifanyika, mimba hutokea kwa wanawake wapatao 2 kati ya 1,000 katika mwaka wa kwanza. Kisipofanyika, ni 2 hadi 3 kati ya 100.

Mke akishika mimba mwezi wa pili, kijiji hakihesabu miezi. Husema ametoka nje ya ndoa. Kumbe mimba inaweza kuwa ya mumewe, na kosa ni la maelezo ambayo hayakutolewa.

Ndiyo maana tunasema kampeni isihesabu waliofungwa tu. Ihesabu pia waliorudi kupimwa. Mke awepo maelezo yanapotolewa, na kondomu za miezi 3 zitolewe siku ileile.

Nawe msikilizaji, kabla ya kutoka kliniki uliza mambo matatu: nirudi lini, nikipata shida nimpigie nani, na shahawa zitapimwa wapi? Kumbuka pia kwamba kuzibua mirija baadaye ni kugumu, na vasektomi haizuii virusi vya UKIMWI.