UCHANGANUZI: Anayenyimwa pesa za walemavu ana haki ya kuelezwa sababu

MAMA anayemlea mtoto mwenye ulemavu mkali kijijini hujiandikisha kwa naibu wa chifu, akahojiwa kuhusu paa la nyumba na mifugo yake, kisha akaambiwa asubiri. Orodha inaposomwa barazani na jina lake halimo, mara nyingi hurudi nyumbani bila maelezo yoyote.

Mpango huo wa serikali, ulioanza 2011, hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia maskini zenye mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Katikati ya mwongo uliopita ulifikia takriban familia 47,000 pekee, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Si wote wenye ulemavu mkali, ni kweli, wala si wote mafukara. Hata hivyo, pengo hilo laonyesha kwamba kuna wanaostahili waliokosa kwa sababu ya uhaba wa fedha tu.

Hapo ndipo penye utata. Aliyeonekana hastahili ana jambo la kupinga, ambapo aliyekosa nafasi hana ila kusubiri. Mwombaji asiyejua yuko upande upi hukata rufaa gizani. Isitoshe, wengi hudhani kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambayo hutolewa baada ya kupimwa katika hospitali, huwapa pesa hizo moja kwa moja. Sivyo.

Kifungu cha 47 cha Katiba humpa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa utawala. Sheria ya 2015 inayotekeleza kifungu hicho humtaka afisa aliyeombwa sababu azitoe katika muda wa miezi mitatu. Akinyamaza, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na msingi, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ni silaha kali ambayo wanavijiji wachache mno wameisikia. Lakini mahakama si kituo cha kwanza. Humtaka mlalamishi amalize kwanza njia za rufaa zilizomo serikalini. Kwa asiye na wakili, afisi ya Ombudsman hupokea malalamishi bila malipo.

Barua ya kuomba sababu yafaa iwe na nakala iliyopigwa muhuri na tarehe na afisi iliyoipokea. Bila tarehe hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba miezi mitatu imekwisha.